Kusuka ngege kwa DNA hapa Kisumu: shajara ya mradi

Tulipoanza hii kitu, kusuka ngege (tilapia wa ziwa letu) mdogo asiyeonekana kwa macho kwa uzi wa DNA, tulitafuta mtu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kuandika vile alifanya, na pesa aliyopoteza, tukakosa. Kuna makaratasi ya wakubwa lakini hayo hayakuambii stima ikipotea katikati ufanye nini. Kwa hivyo naandika. Tuko watatu: mimi nashika laptopu, mwenzangu ni teknolojisti wa maabara chuoni, na Daktari ndiye mwenye funguo za maabara na roho ya kuvumilia.

20 Januari. Wazo

Kwa ufupi kwa asiyejua. DNA tunaizoea kama kitabu cha urithi, lakini ni uzi pia, na uzi unaweza kusukwa. Ned Seeman ndiye alianza kufikiria hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Marekani, halafu 2006 Paul Rothemund wa Caltech akaja na njia rahisi sana, inaitwa origami ya DNA. Unachukua uzi mmoja mrefu, wa kirusi cha bakteria kinaitwa M13, una besi (herufi za DNA) 7,249, unauchanganya na vipande vifupi zaidi ya 200 ulivyovipanga mwenyewe kwa kompyuta. Kila kipande kinashika sehemu mbili tatu za uzi mkuu na kuzivuta pamoja, kama pini ya stepla inavyoshika karatasi, ndiyo maana tunaviita pini. Unachemsha, unapoza polepole, umbo linajikunja lenyewe. Yeye alifanya nyota, nyuso za kutabasamu, hata ramani ya bara la Amerika. Wenzetu wa Aarhus huko Denmark wakafanya pomboo mwaka wa 2008, na mkia unaopinda.

Sasa kama Denmark wana pomboo, Kisumu ni ngege. Hapo hakukuwa na mjadala hata.

Hesabu: ngege wetu atakuwa na urefu wa kama nanomita 120 na kimo cha kama 70. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hivyo samaki zaidi ya 600 wanajipanga pua kwa mkia kabla ya kuuvuka.

3 Februari. Kamba, misumari, na mama wa vikapu

Programu tunayotumia ni scadnano, inafunguka kwa brausa tu, haihitaji mashini ya maana. Kuna cadnano pia, ya 2009, wengi wanaitumia. Lakini siku mbili za kwanza nilikuwa nachora tu mistari bila kuelewa, hasa ile mambo ya mwelekeo, kwa sababu kila uzi wa DNA una ncha ya 5 na ncha ya 3 na nyuzi mbili zikishikana lazima zielekeane kinyume. Kwa skrini ni mishale midogo, macho yanachoka, unajikuta umegeuza.

Nikanunua kamba ya manila nyeupe mita 30, na za rangi, misumari, ubao wa mbao kutoka kwa fundi hapo Kibuye, jumla shilingi 640. Kamba nyeupe ni uzi mkuu, za rangi ni pini. Kila kamba ya rangi nikapiga fundo ncha ya 5. Baada ya hapo ukikosea mwelekeo unaona fundo liko upande mbaya, mara moja. Kama unaanza, usiruke hii hatua, kaa chini usuke kwa mkono kwanza.

Nilikuwa nimekaa na ubao nje ya duka, mama mmoja anayesuka vikapu akasimama akaangalia sana. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni mkeka ama nini?" Nikamwambia, mama, ni samaki. Akacheka, akashika ile sehemu ya mkia akasema ukingo sijaufunga, kikapu kinaanza kuharibika ukingoni. Nikamshukuru nikaendelea na yangu. Mkumbuke haya maneno, tutayarudia.

17 Februari. Samaki wa kwanza alikunjamana

Kosa langu la kwanza kubwa, na ni la kiburi. Nilitaka samaki mzuri, mwenye tumbo la mviringo na mapezi, kwa hivyo nikachora umbo halafu nikaweka vivuko (pale pini inaruka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine) popote umbo lilipotaka.

DNA haikubali hivyo. Ile ngazi ya nyuzi mbili zilizoshikana inajizungusha, mzunguko mmoja kamili ni besi 10.5 hivi. Uzi unaweza kuruka kwenda kwa jirani pale tu unapokuwa umemwelekea huyo jirani. Ukiulazimisha kuruka ukiwa umeangalia juu ama chini, inabidi ujipinde. Kwa mpangilio wa Rothemund vivuko vinakaa kila baada ya besi 16, yaani mzunguko mmoja na nusu. Vyangu vilikuwa kila mahali, 13, 19, 11.

Tulituma mchoro kwa oxdna.org, hapo unafanyiwa simulesheni bure kwa sava yao, kesho yake tukafungua matokeo kwa oxView. Nilikuwa nimeita hadi watu wa nyumba waone. Kilichotokea ni kama chapati iliyoanguka kutoka kwa sufuria ikajikunja yenyewe sakafuni.

Nikaanza upya. Safari hii kila ukingo unaenda kwa hatua za besi 16, kwa hivyo tumbo si mviringo tena, ni ngazi ngazi kama nakshi ya mkeka. Mistari 24 katikati ya mwili, mkia mistari 14, umekatwa wima. Pini 220, kila moja besi 32, jumla besi 7,040. Zinabaki besi 209 za uzi mkuu bila kazi, hizo nimeziachia zining'inie mdomoni kama kitanzi. Mwenzangu akasema huyo si ngege tena, huyo ni kambare, ana ndevu. Tukaacha hivyo hivyo na ndevu zake.

Simulesheni ya pili inaonyesha amejipinda kidogo. Hiyo inajulikana, kwa sababu besi 32 kwa mizunguko 3 inakupa 10.67 kwa mzunguko badala ya 10.5, na tofauti inajikusanya. Unaweza kufuta besi hapa na pale kurekebisha. Hatukurekebisha. Atalazwa kwenye jiwe bapa kupigwa picha, atanyooka tu.

10 Machi. Oda

Pini 220 za besi 32, bei tuliyopewa ni bob 17 kwa besi, ni 119,680. Usafiri na kutoa mzigo pale uwanja wa ndege 14,500. Jumla 134,180. M13 yenyewe 9,800, mrija mmoja mdogo, mikrogramu 10 ndani ya mikrolita 40. Daktari alitoa kubwa kutoka kwa pesa yake ya utafiti, sisi tukachanga zilizobaki, mimi niliuza subwufa.

Pini zinakuja zimeyeyushwa kwa sahani tatu zenye visima 96 kila moja: 96, 96, na 28 kwa ya mwisho. Kila kisima pini yake. Nilihamisha orodha kutoka kwa programu hadi Excel, nikaipanga kwa jina la kisima ionekane nadhifu. Hiyo "nadhifu" itatugharimu Julai.

22 Aprili. Stima

Mzigo ulikaa wiki tano. Sawa.

Mchanganyiko wetu kwa mrija wa mikrolita 50, nakili hii: changanya pini zote 220 kwa kiasi sawa kwanza, kila moja inakuwa nanomola 454 hivi kwa lita, kisha chukua mikrolita 11 za huo mchanganyiko, 5 za M13, 5 za bafa (mmumunyo wa chumvi) kali mara kumi yenye magnesiamu, na 29 za maji safi. Hapo M13 iko nanomola 10 na kila pini 100, yaani pini ni mara kumi ya uzi mkuu, ili kusiwe na nafasi inayobaki wazi. Kwa mrija mmoja wa M13 unapata mara 8. Kwa karatasi. Kwa ukweli ni 7, maana kila ukichota kuna kitu kinabaki kwa ncha ya pipeti.

Ndani ya hizo mikrolita 50, kama zote zimekunjika, una samaki bilioni 300. Nilimwambia jamaa wa Dunga, kule kwa wavuvi, akauliza ni kilo ngapi.

Mashini ya PCR (ile ya maabara inayopandisha na kushusha joto yenyewe) tukaiseti ianze nyuzi joto 95 ishuke polepole hadi 20 kwa saa mbili. Saa tisa alasiri mvua ya radi ikatoka ziwani, ile ya Aprili mnaijua, na stima ikaenda ikiwa nyuzi 80 na kitu. Mrija ukapoa ghafla hadi joto la chumba. Ukipoza ghafla pini zinashika chochote kilicho karibu, ni kama kugawa watu viti gizani.

Habari njema ni kwamba haujapoteza kitu. Ukichemsha tena zote zinaachana, unaanza upya na mrija uleule. Hii usisahau, sisi tulikuwa karibu kuumwaga.

29 Aprili. Chupa ya chai

Kusubiri stima itulie ni kusubiri hadi Juni. Daktari akasema zamani walikuwa wanachemsha maji na kuacha yapoe ndani ya boksi, mashini zilikuja baadaye. Nikanunua chupa ya chai ya lita mbili, 1,200.

Maji hapa Kisumu yanachemka kwa nyuzi 96 hivi kwa sababu tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, inatosha kuachanisha nyuzi. Mrija tukaufunga parafilamu (plastiki nyembamba ya kuziba) mdomoni, tukauunganisha na nati ya baiskeli uzame wote, kwa sababu ukielea kifuniko kinabaki baridi na maji yanapanda kukaa hapo juu, ndani kunabaki chumvi tupu. Tukamwaga maji yanayochemka, tukafunga, tukaenda nyumbani.

Asubuhi, saa 14 baadaye, kipimajoto kinasoma 61. Chupa nzuri mno! Samaki walikuwa bado hawajaanza kujikunja vizuri. Tukarudia na kifuniko wazi na mdomo umefunikwa na kitambaa tu, ikashuka kutoka 96 hadi 30 kwa saa tano na nusu. Hiyo ndiyo tunatumia hadi leo, mashini ya PCR iko pale inakusanya vumbi.

6 Mei. Jeli ya kwanza: ukungu

Jeli ya agarosi asilimia 1 (stima inaivuta DNA ndani yake, vya ukubwa na umbo tofauti vinatengana kuwa bendi), volti 70, rangi ya SYBR Safe ya kuifanya DNA ionekane. Mistari mitatu: ngazi ya vipimo, M13 peke yake, na mchanganyiko wetu. Ukifaulu unatarajia bendi moja kali kwa mchanganyiko, imekaa mahali tofauti na ya M13 peke yake, na huko chini kabisa wingu la pini zilizobaki.

Tulipata ukungu. Kutoka juu hadi chini, kama moshi wa jiko la kuni. Jeli yenyewe ilikuwa moto ukiigusa.

Nilikaa nje kwa ngazi kama dakika ishirini. 145,000 na zaidi, na subwufa.

20 Mei. Magnesiamu

Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwa mtu anayetaka kunakili, soma polepole.

DNA ina chaji hasi. Ukilaza nyuzi 24 sambamba zimebanana hivyo zinasukumana, hazitaki ujirani. Magnesiamu ndiyo inakaa katikati kuzituliza. Umbo la aina hii linataka milimola 12.5 hivi. Na kwa bafa za kawaida za maabara kuna EDTA, ambayo kazi yake ni kunyakua magnesiamu, kwa hivyo hata uliyoweka si yote unayobaki nayo.

Makosa yetu yalikuwa mawili.

La kwanza, mwenzangu alipima kloridi ya magnesiamu kwa hesabu ya ile kavu, uzito wa molekuli 95.2. Chupa tuliyoazima ni ile yenye maji sita ndani ya fuwele, 203.3. Imeandikwa kwa lebo, maandishi madogo, na juu yake kulikuwa na plasta ya jina la mwenye chupa. Gawanya, unapata tulikuwa na milimola 5.9 tu, ondoa ya EDTA inabaki kama 5. Na hiyo chumvi inavuta unyevu hewani, chupa ilikuwa imeshikana kama sukari guru, kwa hivyo hata hizo 5 sina imani nazo.

La pili, jeli. Tulitumia bafa tupu bila magnesiamu, vile tunavyofanya kila siku na DNA ya kawaida. Kumbe origami ikiingia humo inaanza kuachia magnesiamu yake, na joto likipanda ndio basi. Jeli ya origami inawekewa milimola 11 ya magnesiamu kwa jeli yenyewe na kwa bafa. Lakini chumvi zaidi ni mkondo mkubwa zaidi, ni joto zaidi, kwa hivyo tenki lote linakaa kwa barafu.

Maabara haina mashini ya barafu. Dunga wanayo, ya wavuvi. Nikapanda boda na kikuli (boksi la kutunza baridi), 100 kwenda, 100 kurudi, ndoo ya barafu 150. Yule mzee wa barafu akaniangalia: "Omera, barafu yote hii na huna samaki?" Nikamwambia ninao mzee, ni wadogo tu.

Bafa mpya, jeli mpya, barafu hadi shingoni, volti 70 kwa saa tatu. Bendi. Moja, kali, imenyooka kama imepigwa rula. Daktari alikuwa anasahihisha mitihani kwa meza ya nyuma, akaja akaangalia, akasema "mmh", akarudi. Kwa anayemjua hiyo ni sherehe.

Lakini tulikuwa tumerekebisha mawili kwa mpigo, na Daktari akauliza lipi ndilo lilikuwa linaharibu. Tukatoa mrija mmoja zaidi (roho inauma), mchanganyiko wa zamani wenye magnesiamu kidogo, kwa jeli mpya yenye barafu. Bendi ilikuwepo, hafifu, na ukungu nyuma yake. Kwa hivyo yote mawili, ila jeli ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ukiona ukungu anza kwa jeli kabla hujalia.

24 Juni. Picha ya kwanza

Bendi inakuambia kuna kitu kimoja kimekunjika vizuri. Haikuambii ni samaki. Ya kuona unahitaji mikroskopu ya AFM, ile inayopapasa kwa sindano kama kipofu anavyosoma, na hatuna. Rafiki wa Daktari yuko maabara moja Ujerumani, na kuna mwanafunzi alikuwa anasafiri, akabeba mrija kwa mfuko wa shati. Hatukusafisha chochote, pini za ziada hazisumbui sana kwa picha za namna hii. Tone la mikrolita 5 kwa jiwe la mika lililobanduliwa wakati huo huo, bafa yenye magnesiamu juu, basi.

Picha zilikuja usiku kwa WhatsApp, bando ilikuwa imeisha nikaazima hotspoti ya jirani. Inafunguka kutoka juu kidogo kidogo. Ni samaki. Tumbo la ngazi ngazi, mdomo na kitanzi chake. Samaki wa kweli! Nilipiga kelele jirani akadhani Gor Mahia wamefunga bao.

Halafu picha ikamaliza kufunguka nikaona wamo wawili wawili. Karibu wote. Wameshikana mkia kwa mkia, kama wale samaki wa kukaushwa wanafungwa jozi sokoni.

Hii pia inajulikana, Rothemund mwenyewe aliiona kwa mistatili yake, ikijipanga minyororo. Ncha ya ngazi ya DNA ikikatwa butu inapenda kulalia ncha butu nyingine, kama vile besi zinavyolaliana ndani ya ngazi yenyewe. Ncha moja ni mvuto mdogo. Mkia wetu una ncha 14 zimepangwa wima, zinavuta pamoja. Mdomoni hawakushikana kwa sababu ya kile kitanzi, ndevu za kambare ziliwatenganisha bila sisi kupanga.

Nikamkumbuka mama wa vikapu na ukingo wake. Ila yeye aliogopa utafumuka, wetu ulikuwa umeshika mno.

Dawa ni mbili. Unaacha kuweka pini za ukingo, ncha za uzi mkuu zinabaki legelege na haziwezi kulaliana vizuri, hiyo ni bure. Ama unanunua pini mpya za ukingo zenye mkia wa besi nne za T (TTTT) unaochomoza, hiyo ni pesa. Tukachagua bure.

15 Julai. Tundu tumboni

Kuacha pini 14 maana yake ni kuchanganya upya kutoka kwa sahani, kuruka visima 14. Nilimsomea mwenzangu visima kutoka kwa Excel, yeye anapipeti. Zinabaki 206, kila moja nanomola 485, kwa hivyo unachukua mikrolita 10.3 badala ya 11. Chupa ya chai, jeli, barafu ya Dunga, bendi nzuri kabisa. Safari hii hakukuwa na msafiri, kurieri 6,300.

Picha: samaki bado wameshikana mikia. Na kila mmoja ana tundu tumboni, mahali pamoja, kama wote wamepigwa mkuki na mvuvi mmoja.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Kumbukeni Machi nilipanga orodha kwa jina la kisima. Excel ikipanga maneno haihesabu, inafuata herufi: A1, A10, A11, A12, halafu ndio A2. Na mimi nilipanga safu ya visima peke yake, safu ya pini ikabaki palepale ilipokuwa. Kwa hivyo kuanzia mstari wa pili wa orodha karibu kila pini ilikuwa na anwani ya pini nyingine. Miezi yote hiyo haikuonekana kwa sababu tulikuwa tunachanganya zote, na ukichanganya zote mpangilio hauna maana. Siku tulipotaka kuchagua ndio uongo ukatoka.

Kampuni ilikuwa imetuma faili lao na mzigo, lenye mfuatano wa besi na kisima halisi. Lilikuwa kwa emeli tangu Aprili. Sikulifungua.

Dawa: nimetupa Excel yangu, orodha tunayotumia ni ya muuzaji, na kila pini tunaitafuta kwa mfuatano wake wa besi, si kwa jina wala nambari. Visima viandikwe A01, A02, sio A1, hapo hata ikipangwa na mjinga haiharibiki.

19 Agosti. Mmoja mmoja

Tulirudia na visima sahihi. Kurieri nyingine 6,300, hapo Daktari aliguna kidogo.

Picha zimekuja jana. Tumbo zima. Tumehesabu samaki 31 kwa picha mbili, 26 wako peke yao, wawili wamepandana tu kama wameanguka vibaya, na jozi moja na nusu sijui niiteje maana mmoja ni kichwa bila mwili. Nimezichapisha kwa saiba, nyeusi na nyeupe, shilingi 10 kila moja, nikampelekea mama wa vikapu moja. Aliangalia akageuza akaangalia tena, akauliza mbona mkia umechanika.

Ana macho. Mkia kweli umechanika, zile pini 14 hazipo kwa hivyo nyuzi za mwisho zinacheza, kwa picha mkia unafifia kama ufagio uliochakaa. Kwa hivyo inabidi tununue zile za TTTT: pini 14 za besi 36, ni besi 504, kwa bob 17 ni 8,568, zitaunganishwa na oda ya mtu mwingine ili tusilipe usafiri peke yetu. M13 imebaki ya mara mbili kwa hesabu ya kalamu. Nasema moja.

Orodha ya visima 14 tumeibandika kwa mlango wa friza. Mwenzangu anasoma, mimi narudia kwa sauti, halafu tunabadilishana. Oda imeenda leo asubuhi.